Somo: Ripoti Yetu Inasoma Daftari Gani?



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la familia zilizokimbia vita mara nyingi limo ndani ya kompyuta, na msaada hugawanywa kwa kufuata ripoti inayotoka katika kompyuta hiyo. Katika somo hili tutajifunza namna ripoti inavyounganishwa na daftari lake, na namna ya kuutunza muunganisho huo. Kijana anayejua kompyuta ndiye atakayefanya kazi ya vidole. Lakini kiongozi ndiye anayetia sahihi chini ya hesabu, na familia ndiyo inayolala njaa jina lake likikosekana. Kwa hiyo somo hili ni la wote watatu.

1. Kwa nini jambo hili linahusu amani

Sisi watu wa Katanga tunajua maana ya kuhama. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na maelfu yao walikaa kwenye stesheni wakingoja treni. Mwaka 2005 na 2006 mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai yaliwaondoa watu vijijini katika maeneo ya Mitwaba, Pweto na Manono. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia mpaka ndani ya Lubumbashi. Mapigano ya Watwa na Waluba huko Tanganyika, yaliyopamba moto tena mwaka 2016, yalizisukuma familia nyingine hadi Pweto na hata kuvuka mpaka wa Zambia.

Pamoja na hayo yote, sensa ya mwisho ya taifa zima ilifanywa mwaka 1984. Hivyo basi, mtu akiuliza ni familia ngapi zimefikia Katuba, Ruashi au Kampemba, jibu halitoki katika sensa. Linatoka katika orodha zinazoandikwa na mashefu wa mitaa, parokia, kamati na mashirika. Na kwa kuwa familia nyingi hupokewa na ndugu au hupanga vyumba mjini, bila orodha hazionekani kabisa.

Umoja wa Afrika uliliona jambo hili. Mkataba wa Kampala juu ya wakimbizi wa ndani, uliopitishwa tarehe 23 Oktoba 2009 na kuanza kutumika tarehe 6 Desemba 2012, unasema katika kifungu cha 13 kwamba nchi wanachama ziunde na kutunza rejesta ya wakimbizi wa ndani wote, na kwamba rejesta hiyo iende na wakati. Unaruhusu pia nchi zishirikiane na mashirika ya kimataifa na ya kiraia katika kazi hiyo.

Orodha ikikosewa, ugomvi hufuata. Aliyeachwa husema kamati imekula makuta. Mwenyeji aliyegawana bukari yake na wageni kwa miezi mingi huona wageni wamepewa mara mbili, naye hakupewa kitu. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Ripoti ilisoma tu orodha isiyo sahihi.

2. Ghala, njia na jiko

Hifadhidata ni ghala la habari. Humo kila familia ina namba yake, na kila habari ina sehemu yake: jina la mkuu wa familia, idadi ya watu, mahali walikotoka, komini wanayoishi, vitu walivyopokea. Programu nyingi hufanya kazi ya ghala. Access hutosha kwa kamati ndogo. MySQL na PostgreSQL hutumiwa na ofisi zenye habari nyingi. KoboToolbox, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Harvard waliohoji waathirika wa vita kaskazini mwa Uganda, hukusanya majibu ya fomu kwa simu na kuyapeleka kwenye seva.

Programu ya ripoti ni jiko. Excel na Power BI ni mifano inayojulikana. Programu hizi huchukua habari kutoka ghalani, huzihesabu, kisha hutoa jedwali au mchoro ambao kiongozi anaupeleka kwenye mkutano.

Kati ya ghala na jiko kuna njia, na njia hiyo ndiyo tunayoiita muunganisho. Mpishi hodari hawezi kuokoa chakula ikiwa njia inampeleka kwenye ghala la mwaka jana. Tena, njia iliyoachwa wazi usiku huwaingiza wezi.

Nchini kwetu mfano mkubwa wa mpango huu uko katika afya. Wizara ya Afya hutumia DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Hesabu zinaingizwa katika kanda za afya, zinahifadhiwa mahali pamoja, na kila mfanyakazi huona eneo alilopewa. Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011. Kamati ya mtaa haihitaji mtambo mkubwa namna hiyo, lakini kanuni zake ni zilezile.

3. Kufungua muunganisho hatua kwa hatua

Kabla ya kugusa kompyuta, andikeni mambo matano kwenye karatasi:

Kwanza, anwani ya seva, yaani kompyuta inayotunza hifadhidata. Ikiwa ni kompyuta ileile ya kamati, andikeni faili limewekwa wapi.
Pili, namba ya mlango, ambayo mafundi huiita porti. Kwa kawaida MySQL hutumia 3306 na PostgreSQL hutumia 5432.
Tatu, jina la hifadhidata yenyewe. Seva moja inaweza kuwa na nyingi.
Nne, jina la mtumiaji.
Tano, neno la siri. Hili lisiandikwe kwenye karatasi hiyo. Andikeni tu ni nani anayelitunza.

Baada ya hapo, hakikisheni kwamba kompyuta ina dereva. Dereva ni programu ndogo inayotafsiri kati ya jiko na ghala, kama mkalimani kati ya wageni wawili. Kila aina ya hifadhidata ina dereva wake. Kisha fungueni programu ya ripoti, mchague kuleta data kutoka hifadhidata, mjaze yale mambo matano, na mjaribu.

Likikataa, msianze kubahatisha. Someni ujumbe unaotokea, kwa maana kila ujumbe una sababu yake. Ukisema seva haijibu, angalieni anwani, namba ya mlango, intaneti, na kama seva imewashwa baada ya umeme kukatika. Ukisema mtumiaji amekataliwa, angalieni jina na neno la siri. Ukisema jedwali halionekani, basi mmeingia ghalani lakini hamkupewa ruhusa ya chumba hicho, au mmeingia ghala lingine.

Likikubali, msifurahi bado. Fanyeni hesabu mbili. Hesabuni familia moja kwa moja ndani ya hifadhidata, kisha tazameni ripoti inasema ngapi. Hesabu zikilingana, endeleeni. Zikitofautiana hata kwa familia moja, tafuteni familia hiyo kabla ya kuchapisha lolote. Hakikisheni pia kwamba hamkuunganisha ripoti na hifadhidata ya majaribio, ambayo mafundi huijaza majina ya mchezo wakati wa mafunzo. Ipeni jina lisilofanana kabisa na ile ya kazi.

4. Ripoti isome, isiandike

Programu ya ripoti haina sababu ya kubadilisha kitu ghalani. Kwa hiyo itengenezewe mtumiaji wake mwenye haki ya kusoma tu. Hapo, hata mtu akikosea kubonyeza, au mtu mbaya akilipata neno la siri, hawezi kufuta familia wala kuongeza ya uongo. Msitumie kamwe akaunti ya mkuu wa hifadhidata kwa kazi ya ripoti. Hiyo ni sawa na kumpa kila mpishi ufunguo wa ghala zima pamoja na shoka.

Tena, ripoti isisome zaidi ya inachohitaji. Mfadhili anayeuliza idadi ya watoto katika komini ya Kenya hahitaji majina yao wala namba za simu za mama zao. Fundi anaweza kutengeneza dirisha ndani ya hifadhidata, ambalo kupitia kwake ripoti huona idadi, umri na komini peke yake. Majina yabaki ndani.

Tunasisitiza zaidi juu ya kabila na asili. Katika Rwanda kabila liliandikwa kwenye kitambulisho tangu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, na mwaka 1994 kitambulisho hicho kilitumiwa kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua watu wa kuuawa. Na sisi hapa Katanga tuliona majirani wakifukuzwa kwa sababu ya asili yao. Ikiwa habari hiyo haisaidii kugawa unga au kupeleka mtoto shule, isikusanywe. Ikiwa ilikwisha kukusanywa, isipite katika muunganisho wa ripoti.

Hatari hii iko hata kwa walio na nguvu. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa vita na waliopotea. Ikiwa shirika kubwa namna hiyo liliingiliwa, kamati ya mtaa isiseme hakuna atakayeitazama. Nchi yetu nayo ina Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inahusu pia ulinzi wa habari za watu.

5. Ripoti iseme ni ya saa ngapi

Kuna namna mbili za muunganisho. Ya kwanza husoma ghala kila mara mnapofungua ripoti. Hii huleta habari mpya, lakini hudai intaneti na umeme wakati huohuo. Ya pili huchota nakala kwa saa iliyopangwa, kisha ripoti husoma nakala hiyo. Katika mji ambamo umeme hukatika na intaneti hulipwa kwa makuta ya shida, namna ya pili hufaa zaidi.

Ubaya wake ni kwamba nakala huzeeka bila kusema. Uchotaji ukishindwa usiku kwa sababu seva ilizimika, ripoti ya asubuhi itafunguka vizuri, yenye rangi nzuri, ikiwa na hesabu za juzi. Familia zilizofika jana hazimo. Dawa yake ni ndogo: kila ukurasa wa ripoti uandikwe tarehe na saa ambayo habari zilichotwa. Tarehe ya kuchapisha haitoshi. Kiongozi asikubali kusoma mkutanoni ripoti isiyo na tarehe hiyo.

6. Familia tatu zinapogeuka tano

Sasa tutazame kosa ambalo limegombanisha watu wengi. Tuchukue mfano. Katika jedwali la familia kuna familia tatu. Ya kwanza ina watu 5, ya pili 7, ya tatu 4. Jumla ni watu 16. Katika jedwali la ugawaji, familia ya kwanza ilipokea mara tatu: turubai, bidoni na unga. Ya pili ilipokea mara mbili. Ya tatu haijapokea kitu.

Kijana anaunganisha majedwali hayo mawili ndani ya programu ya ripoti. Kompyuta inaandika mstari mmoja kwa kila kitu kilichotolewa. Familia ya kwanza inapata mistari mitatu, ya pili miwili, ya tatu haipati mstari. Ripoti inasema: familia 5, watu 29. Kumbe ukweli ni familia 3, watu 16. Na jambo baya zaidi, familia ile ambayo haijapata kitu ndiyo iliyofutika.

Wenyeji wakiisikia hesabu ya 29 watasema wageni wanadanganya ili wapate zaidi. Familia ya tatu itasema kamati inaichukia. Wote wawili wana sababu ya kukasirika, na hakuna aliyesema uongo.

Dawa ni mbili. Hesabuni namba za familia zisizorudiwa, wala msihesabu mistari. Na mnapounganisha majedwali, iambieni programu ibakize familia zote, hata zile zisizo na ugawaji wowote. Excel na Power BI zina uchaguzi huo.

Kuna mtego mwingine wa kwetu. Mwaka 2015 mkoa wa Katanga uligawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Familia iliyoandikwa kabla ya hapo kutoka Manono huenda ina neno «Katanga» katika sehemu ya mkoa, na iliyoandikwa baadaye ina neno «Tanganyika». Ripoti ikiombwa kuhesabu waliotoka Tanganyika, itaziacha zile za kwanza. Kabla ya kuchuja kwa mkoa, rekebisheni orodha kwa kutumia jina la eneo: Manono iko Tanganyika, lakini Mitwaba na Pweto ziko Haut-Katanga.

7. Kuutunza muunganisho

Muunganisho ni kama kisima cha mtaa. Siku ya kukizindua kila mtu anafurahi, kisha mwezi wa sita hakuna anayejua nani ana ufunguo. Tunawashauri hivi:

Muwe na daftari la miunganisho, la karatasi, linalotunzwa na katibu. Kwa kila ripoti liandikwe: inasoma hifadhidata gani, kwa mtumiaji gani, huchotwa saa ngapi, nani anahusika, na lini ilikaguliwa.

Kila mtu awe na jina lake la mtumiaji. Kamati nzima ikitumia jina moja, habari ikivuja hamtajua ilipitia wapi, na atashukiwa yule asiye na mtetezi.

Mtu akiacha kazi, akihama au akirudi kijijini, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, hata kama aliondoka kwa baraka. Hii si kumtukana. Inamlinda yeye pia asije akashukiwa baadaye.

Neno la siri lisitumwe katika kikundi cha simu wala kubandikwa kwenye kompyuta. Vilevile mtazame programu kama KoboToolbox, ambayo huungana na ripoti kwa ufunguo mrefu wa herufi na tarakimu. Anayeupata ufunguo wa akaunti anaweza kusoma majibu yote ya akaunti hiyo. Kwa hiyo faili la ripoti lenye ufunguo ndani yake lisitumwe ovyo. Tumeni ripoti iliyochapishwa, au faili la kusomwa tu.

Nakala ya akiba ya hifadhidata itengenezwe kila wiki na kuwekwa nyumba nyingine, ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Nakala hiyo isiunganishwe na ripoti yoyote.

8. Maswali matano ya kiongozi

Mama mjumbe ambaye hajawahi kushika kompyuta anaweza kuuliza maswali haya mbele ya mkutano, na fundi anapaswa kuyajibu kwa maneno ya kawaida:

1. Ripoti hii imesoma orodha gani, na orodha hiyo iko wapi?
2. Habari zilichotwa siku gani na saa ngapi?
3. Mmehesabu familia au mistari? Na familia ambazo hazijapokea kitu zimo?
4. Nani anaweza kuona majina yetu, na nani anaweza kuyabadilisha?
5. Familia ikiona imesahauliwa, iende kwa nani, na itajibiwa baada ya siku ngapi?

Swali la tano ndilo linalofunga mengine yote. Orodha yoyote iliyoandikwa na binadamu itakosa mtu. Familia ikijua pa kwenda na siku ya kujibiwa, italeta lalamiko lake mezani. Isipojua, italipeleka barabarani.

Ya kujadiliana katika kikundi

– Katika mtaa wetu kuna orodha ngapi za familia zilizohamishwa, na nani anatunza kila moja?
– Ripoti ya mwisho tuliyosomewa ilikuwa na tarehe ya kuchotwa kwa habari?
– Ni habari gani katika fomu zetu zinazoweza kumdhuru mtu zikiangukia mikono mibaya? Je, tunazihitaji?
– Wenyeji wanaopokea wageni wameandikwa mahali popote?

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano ujao, kila kamati ichague familia kumi kutoka mtaani, tano zilizopokea msaada na tano ambazo hazijapokea, kisha izitafute katika ripoti kwa namba zao. Andikeni ngapi zimeonekana. Kama zote kumi zimo, washukuruni wanaotunza orodha. Kama moja haimo, fuateni njia kutoka ripoti hadi hifadhidata mpaka mjue ilipotelea wapi, halafu mwende mkaiambie familia hiyo wenyewe.